Tusiwapake Chokaa Watakatifu

Ukisimama mlangoni pa kanisa lolote kubwa la Kikatoliki hapa nchini Jumapili asubuhi, ukaanza kuwauliza watu majina yao, misa haitakwisha kabla hujakutana na akina Augustino, Monika, Petero, Yeronimo, Karoli na Kizito wasiohesabika. Ni majina ya ubatizo. Mtu amelibeba lake tangu utotoni, limeandikwa katika kitambulisho chake na katika daftari la chama cha ushirika. Lakini ukimwuliza huyo Augustino mwenye jina lake alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kwamba alikuwa mtakatifu. Ukimsihi aseme zaidi, ataongeza kwamba alikuwa mtakatifu sana.

Simlaumu, maana ndivyo tulivyofunzwa. Sisi tuliosomeshwa katekisimu kwa kukariri maswali na majibu tulipewa watakatifu walionyooka kama mlingoti. Walizaliwa wema, wakakua wema, wakafa wema, na kwenye picha walikuwa na mashavu mekundu na macho yaliyoelekea juu kana kwamba hawajapata kuiona ardhi. Mtoto mtundu aliyeketi nyuma ya darasa, embe la wizi limo mfukoni, alijua papo hapo kwamba habari hizo hazimhusu. Wala hakutokea mtu wa kumwambia kwamba Augustino naye aliiba matunda.

Aliiba, na ni yeye mwenyewe aliyetwambia. Alikuwa na umri wa miaka 16. Yeye na wenzake waliuvamia usiku mti uliokuwa karibu na shamba la mizabibu la kwao, wakabeba mzigo mzima wa matunda, na mengi wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa, na nyumbani kwao kulikuwa na matunda bora kuliko hayo. Aliiba kwa sababu wizi wenyewe ulimpendeza. Akiwa mtu mzima aliandika kurasa nyingi akijaribu kuelewa jambo hilo dogo, na msomaji asiyejua anaweza kumcheka. Lakini mimi naona hapo ndipo mafundisho yake yanapoanza: aliliangalia kosa lake kwa macho makavu, bila ya kulisingizia umaskini, wala shetani, wala marafiki wabaya, ingawa marafiki wabaya alikuwa nao.

Huyu alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao siku hizi unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, hakuwa Mkristo alipomzaa. Mama yake ndiye yule Monika ambaye akina mama wetu wengi wanaitwa kwa jina lake, na chama chao cha kanisani pia. Kijana alikuwa na akili kali na kiu ya cheo. Kwa muda wa miaka tisa alifuata dini ya Mani, mama yake akilia. Mwaka 383 alipotaka kwenda Roma na mama akamshikilia asimwache, alimdanganya kwamba anamsindikiza rafiki melini. Usiku ule mama alikuwa akisali katika kanisa dogo karibu na bandari ya Karthago, na mwana akatweka tanga. Mama alipoamka, bahari ilikuwa tupu.

Hayo yote yanasameheka upesi. Vijana wangapi wamewatoroka mama zao kwenda mjini! Lakini liko jambo jingine ambalo mapadre wetu hulipita mbiombio, na ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tangu ujana wake Augustino aliishi na mwanamke mmoja bila ya ndoa, kwa zaidi ya miaka 10. Alimzalia mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Mwanamke huyu alimfuata mpaka Italia. Huko Milano, Augustino akiwa sasa mwalimu mkuu wa usemaji na mlango wa serikali uko wazi mbele yake, ilionekana kwamba mtu wa daraja yake anahitaji mke wa ukoo na mali. Monika, naye mtakatifu, ndiye aliyeishughulikia posa. Msichana akapatikana, ila alikuwa bado mdogo, hata ikabidi wangoje kama miaka miwili afikie umri wa kuolewa kwa sheria ya wakati huo. Yule mama wa mtoto akaondolewa kama kizuizi cha njiani. Alirudi Afrika peke yake, akaweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine, na mwanawe akabaki kwa baba. Na Augustino? Hakuweza kungoja hiyo miaka miwili. Akajitafutia mwanamke mwingine wa kukaa naye.

Tafadhali, msomaji, usiharakishe kufika kwenye ubatizo wake. Najua ulikuja, aliongoka mwaka 386, akabatizwa na Askofu Ambrosi mwaka 387 pamoja na mwanawe, na ile ndoa ya cheo haikufungwa kamwe. Lakini kaa kwanza na huyu mwanamke melini. Ameacha mtoto. Ameacha mwanamume aliyempenda. Hakukosa lolote ambalo mwenzake hakulikosa. Nadhiri aliyoiweka yeye, ya kuishi peke yake, Augustino alichukua muda mrefu zaidi kuifikia, na alipoifikia dunia nzima ikasifu. Jina la huyu mwanamke hatulijui. Augustino, aliyeandika kitabu kizima kumweleza Mungu mambo yake, aliandika kwamba moyo wake ulijeruhiwa walipotenganishwa na ukatoka damu, lakini jina hakuliandika. Wako wanaosema alilificha kwa heshima, ili kumsitiri. Huenda. Mimi nasema kwamba alikosa, na kwamba kosa hilo halikutiwa mahali pake kikamilifu hata katika maungamo yake.

Sasa utaniuliza, ikiwa ni hivyo, tunajifunza nini kwake juu ya imani?

Tunajifunza mengi, lakini kwa sharti kwamba tusimpake chokaa. Kitabu chake hicho, ambacho sisi twakiita Maungamo, hakukiandika kijana aliyetubu jana akiwa na jasho la toba usoni. Alikiandika kati ya mwaka 397 na 400 hivi, akiwa tayari askofu wa Hippo, mtu wa kuheshimiwa, mwenye maadui waliokuwa wakitafuta la kumsema. Fikiria askofu wa leo, mwenye kiti na fimbo, akiandika kwa mkono wake kwamba ujanani aliishi hivi, akamdanganya mama yake hivi, akamtuma mama wa mtoto wake arudi kwao, na kwamba hata sasa, kofia ya uaskofu kichwani, bado anapigana na ndoto zake za usiku na ulafi na kupenda kusifiwa. Hayo ya mwisho yamo pia. Watu wa parokia yake waliweza kuyasoma.

Basi imani ya mtu huyu haikuwa cheti cha tabia njema. Ilikuwa ni uwezo wa kusimama mwangani bila ya kujifunika. Wema wa kuzaliwa nao unaweza kupatikana kwa mtu yeyote, hata asiyesali. Lakini mtu kusema ukweli juu yake mwenyewe, na asikate tamaa, hilo si la kawaida. Hakika kulifanya hivyo hapana budi awe anaamini kwamba yupo anayemsikiliza na asiyemtupa.

Na tena, mtakatifu akipakwa chokaa, anayepotea si dhambi yake tu. Anapotea na yule aliyeumizwa. Ukiisimulia habari ya Augustino kwa kuruka kutoka machozi ya Monika hadi maji ya ubatizo, yule mwanamke hayupo. Hakuzaa, hakulia, hakupanda meli.

Wala si jambo la Milano tu. Hapa kwetu, katika miaka ya misheni za kwanza na baada yake, wako wanawake wengi waliopanda meli hiyo hiyo, ingawa safari yao ilikuwa ya miguu. Mwanamume mwenye wake watatu alipotaka kubatizwa aliambiwa na makanisa mengi achague mmoja. Wawili wakafunga virago. Yeye akapata jina jipya na nguo nyeupe. Wao wakapata swali la watoto: baba yuko wapi? Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888 walikata shauri kwamba mwenye wake wengi asibatizwe, bali awekwe katika mafunzo mpaka aweze kuikubali sheria ya Kikristo. Ilipita miaka 100 kamili. Ni mwaka 1988, katika mkutano wao uitwao wa Lambeth, ndipo walipokubali kwamba mtu wa namna hiyo aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, akiahidi kutooa mwingine, na asilazimishwe kumwacha yeyote kwa sababu ya taabu itakayompata mwanamke huyo. Aliyelipigania sana jambo hilo alikuwa mwenzetu wa hapa Kenya, David Gitari, wakati huo Askofu wa Mlima Kenya Mashariki. Kanisa Katoliki kwa upande wake halijaliacha sharti la mke mmoja. Siingii katika mabishano hayo leo. Ninachosema ni kwamba waliozileta misheni wengi wao walikuwa watu wa sala na kujitoa mhanga, wengine wakafa kwa homa wakiwa vijana, nasi twawaheshimu kwa haki. Ila ukiandika habari zao bila ya wale wanawake waliofunga virago, hujaandika habari za imani. Umeandika tangazo.

Najua pia hatari ya maneno haya, kwa maana nimeshaiona kwa macho yangu. Katika kigango kimoja, ambacho sitakitaja, fedha za harambee ya kuezeka paa zilipotea. Mweka hazina alipoitwa mbele ya waumini aeleze, hakuleta daftari la hesabu. Alileta Biblia. Akatukumbusha habari za Mfalme Daudi na mke wa Uria, akasema kwamba ikiwa Daudi alianguka na bado akapendwa na Mungu, sisi ni nani hata tumhukumu ndugu yetu? Watu wakaguna, wengine wakasema amina, na mvua ya masika ikatukuta chini ya turubai.

Ulaghai mtupu! Daudi, nabii Nathani alipomjia, hakutafuta mkosaji mwingine wa kujificha nyuma yake. Hakusema kwamba hata Nuhu alilewa. Alikiri kwamba ametenda dhambi, papo hapo, mbele ya mtu mmoja asiye na jeshi ambaye angeweza kumwua. Na kukiri kwake hakukumfufua Uria. Maandiko yanayaacha yote mawili mezani, msamaha na maiti. Anayetumia makosa ya watakatifu kama mwavuli wa makosa yake hajajifunza kitu kwao. Wao walitoka nje ya mwavuli wakalowa.

Upande wa pili wako waumini wema wanaoogopa kwamba mambo haya yataharibu imani ya wadogo. Husema, mtoto akijua kwamba Petero alikana mara tatu na kuapa juu, atamheshimuje? Nami nashangaa, maana wenye Injili wote wanne waliyaandika hayo waziwazi, wakati kanisa lilikuwa changa na lenye maadui. Paulo naye ameandika, katika barua ya kusomwa hadharani, jinsi alivyomkemea Petero uso kwa uso huko Antiokia. Yeye Paulo aligombana na Barnaba kwa sababu ya kijana Marko hata wakaachana njia. Kanisa la kwanza halikuona haya. Chokaa ilikuja baadaye.

Augustino mwenyewe alikutana na woga huu, tena kwa sura kali. Afrika ya Kaskazini ilikuwa na Wakristo walioitwa Wadonati. Wakati wa mateso ya Kaisari Diokletiano, yaliyoanza mwaka 303, baadhi ya viongozi wa kanisa walishindwa na hofu wakayatoa Maandiko Matakatifu yachomwe. Wadonati walisema kwamba watu wa namna hiyo hawana Roho tena, kwamba ubatizo wao si kitu, na kwamba kanisa la kweli ni la wasio na doa. Walikuwa watu wa msimamo, na baadhi yao walikuwa mashujaa kwelikweli. Augustino aliwajibu kwa ule mfano wa ngano na magugu: kanisa ni shamba lenye vyote viwili mpaka siku ya mavuno, na anayebatiza hasa ni Kristo, si usafi wa mikono ya padre. Jibu hilo nalipenda. Kila mkulima wa Kitale analielewa.

Lakini tazama! Mtu huyo huyo aliyesema magugu yaachwe mpaka mavuno, baadaye alikubali serikali ya Kirumi itumie nguvu kuwarudisha Wadonati kanisani: faini, kunyang'anywa makanisa, amri za kifalme. Mwanzoni alikuwa amepinga kulazimisha watu. Akageuka, akaandika kutetea mageuzi yake, na karne nyingi baadaye watu wengine wakayachukua maneno yake ili kuhalalisha ukatili mkubwa zaidi. Hapo namkatalia, na nadhani mtu anaweza kumpenda mtakatifu na kumkatalia. Nakumbuka kwamba katika uzee wake, miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 430, aliketi akavipitia vitabu vyake kimoja kimoja akiandika mahali alipokosea. Si vyote aliviona. Lakini ni mwandishi gani wa siku hizi anayeanza hata kutafuta?

Ningeweza kusema mengi juu ya Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, mtu mwenye elimu ya ajabu na ulimi wa pilipili. Alimpiga vita rafiki yake wa zamani, Rufino, kwa maandishi ya kuchoma, na hata Rufino alipokufa hakuacha kumdhihaki. Kama angekuwa mwandishi wa gazeti, mawakili wetu wasingelala. Basi, akina Yeronimo wetu wenye hasira mnaweza kufarijika kidogo. Kidogo tu.

Afadhali nije karibu, Uganda. Kila mwaka tarehe 3 Juni umati wa watu hukusanyika Namugongo, na miongoni mwao wamo Wakenya waliotembea kwa miguu siku nyingi. Hapo ndipo Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 waliouawa katika mateso hayo walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Waanglikana nao wanawakumbuka wafiadini wao 23. Sote twamjua Lwanga, kiongozi, na Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Picha zao zimejaa madarasani, zote na sura moja tulivu, kana kwamba walitoka katika kalibu moja.

Lakini katika hao 22 yumo Bruno Sserunkuuma, askari wa Kabaka, ambaye wanaosimulia maisha yake hawafichi kwamba alikuwa mkali na mwepesi wa hasira. Yumo Mbaga Tuzinde, ambaye mlezi wake alikuwa Mukajanga, yule yule mkuu wa wauaji. Na wamo vijana wawili ambao mimi huwafikiria kuliko wote, Gyavira na Mukasa Kiriwawanvu.

Wawili hawa walikuwa watumishi katika jumba la Kabaka, na walikuwa wamegombana. Ugomvi haukuwa wa maneno tu. Mukasa alitiwa kifungoni kwa sababu yake. Kwa hiyo siku ile watumishi Wakristo walipoitwa mbele ya Mwanga huko Munyonyo wakatengwa na wengine, Mukasa hakuwapo. Alikuwa mahabusu kwa kosa la kupigana. Hakuwa hata amebatizwa, alikuwa bado mwanafunzi wa dini. Gyavira yeye alibatizwa na Lwanga usiku wa mwisho kabla ya hukumu. Wafungwa walipotolewa kupelekwa Namugongo, Mukasa naye alitolewa, akaulizwa kama ni Mkristo. Alikubali. Akaunganishwa na wale wengine, na masimulizi yanasema kwamba yeye na Gyavira walipatana hapo.

Hakuna maji yaliyomwagwa kichwani pake. Alikwenda na kosa lake la ugomvi likiwa bado mbichi, akiwa ametoka kifungoni na si kanisani, akatembea njia ile ya Namugongo pamoja na mtu aliyekuwa amepigana naye. Laiti katekista wangu angetusimulia hayo, badala ya kututaka tukariri majina 22 kwa mfululizo kama orodha ya wachezaji wa mpira! Yule mtoto wa nyuma, mwenye embe mfukoni, angeinua kichwa.

Mwaka huu katika parokia nyingi watoto watafundishwa tena habari za wafiadini kabla ya kupewa Kipaimara. Ningewaomba makatekista jambo moja. Wakimaliza kuwaeleza Karoli na Kizito, wawaulize watoto ni nani miongoni mwao amegombana na mwenzake wiki hii. Mikono ikiinuliwa, nayo itainuliwa, ndipo wawataje Mukasa na Gyavira.